Kambale wa mawe: namna ya kumtafuta, kumtazama na kumrudisha mtoni

Kwanza weka ndoana pembeni. Samaki ninayetaka ukamwone hana habari na chambo chako, wala hapandi juu kuvuta hewa kama kambale wa bwawani. Ukikaa ukingoni na mshipi kutwa nzima utarudi nyumbani na perege wawili na malalamiko. Huyu hupatikana kwa kunyanyua mawe. Ni kazi ya mikono, magoti na macho, na sehemu kubwa ya kazi ni kujua jiwe lipi la kunyanyua na lipi la kuacha.

Nafundisha sayansi shule ya msingi hapa Korogwe. Kila mwaka hakosi mzazi, mgeni au mwalimu mwenzangu wa kuniuliza wanafunzi wangu wanakwenda kufanya nini mtoni na machujio ya jikoni. Maelezo haya ni yao, na ya yeyote mwenye macho na kijito kilicho karibu.

Jina la kitaalamu la samaki huyu ni Chiloglanis deckenii. Ni wa jamii moja na ngogo, wale wenye miiba wanaokoroma ukiwatoa majini, na jamii nzima hiyo haipatikani popote duniani isipokuwa Afrika. Mkubwa kabisa hazidi kidole changu cha kati. Mwili hauna magamba, rangi ni kahawia yenye mabaka hafifu, tumbo limepauka. Kinachomtenga na kambale wengine ni mdomo: uko chini ya kichwa, na mdomo wa juu na wa chini imeungana ikawa duara pana la nyama analolibandika juu ya jiwe. Ndiyo maana mkondo unaomyumbisha mtu mzima, yeye unampita tu.

Aliyemwandika kwa mara ya kwanza ni Wilhelm Peters wa makumbusho ya Berlin, mwaka 1868. Akampa jina la Baron Karl Klaus von der Decken, Mjerumani aliyezunguka Afrika Mashariki hadi Kilimanjaro miaka ya 1860, akauawa mwaka 1865 katika nchi ambayo leo ni Somalia. Kuna hondohondo wa nyika naye kapewa jina la bwana huyo huyo. Wanafunzi wangu hawana haja na baroni. Wao husema kambale wa mawe, na mimi nitasema hivyo hivyo.

Wakati wa kwenda

Nenda maji yakiwa machache. Januari na Februari, vuli ikishakatika na masika bado, vijito vinavyoshuka kutoka Usambara huwa vyembamba na vyeupe, unaona hadi changarawe za chini. Nafasi nyingine ni Julai mpaka Septemba, ila beba sweta, maana maji ya mlimani asubuhi za miezi hiyo ni baridi kuliko watu wa Tanga mjini wanavyodhani.

Masika usiende kabisa. Samaki yupo, lakini maji mekundu hayatakuonyesha kitu, na kijito kinachokufika magotini saa tatu kinaweza kukufika kifuani saa nne. Na hapa naomba usome polepole: mvua inayoua watu bondeni hainyeshi bondeni. Inanyesha juu, Bungu huko, wewe huku chini jua linakuchoma shingo. Maji yakianza kubadilika rangi, majani makavu na vijiti vikaanza kupita vingi kwa pamoja, au mto ukabadilisha sauti ukawa mzito, toka. Usimalizie jiwe ulilolishika. Beseni liache lichukuliwe, beseni linauzwa sokoni.

Saa nzuri ni asubuhi, jua likishaangaza majini lakini halijawa kali. Nina sababu mbili. Samaki aliyewekwa kwenye beseni saa sita mchana anateseka upesi, kwa kuwa maji yakipata joto hupungukiwa na hewa. Na vijidudu vya kichocho, ile aina ya mkojo wa damu iliyozoeleka ukanda wetu wa pwani, hutoka kwa wingi kwenye konokono wakati wa mchana wa jua kali. Konokono hao wanapenda maji yaliyolala, si maji ya kasi tunakokwenda, lakini ili uifikie kasi mara nyingi utapita kwenye maji yaliyolala. Pita haraka, usikae humo kupiga soga, ukitoka jikaushe kwa taulo mara moja.

Mahali

Mto Pangani wenyewe uache. Una mamba, na mamba hana haja ya kukujulisha kwamba yupo. Wala usijaribu chini ya mabwawa ya umeme, pale Hale na kushuka kule kwenye maporomoko ya Pangani. Nakiri mawe ya huko yanatamanisha. Lakini maji ya huko hupanda na kushuka kwa kufuata kazi ya mitambo, si kwa kufuata mawingu, kwa hiyo dalili nilizokueleza hapo juu hazitakusaidia. Isitoshe kuna walinzi, na wana haki ya kukufukuza.

Unachotaka ni kijito kinachoingia Lwengera au Mkomazi, pale mlima unapoanza, kabla hakijafika kwenye majaruba ya mpunga. Kiwe chembamba kiasi kwamba ukirusha kokoto kwa mkono wa kushoto inavuka ng'ambo. Kwa kawaida panda bodaboda mpaka njia inapoishia, kisha ufuate sauti ya maji kwa miguu.

Mara nyingi kijito hupita shambani kwa mtu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini wewe umekuja kutazama samaki, hukuja kupima mita za watu. Piga hodi. Mimi hupita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mwenye shamba, na mazungumzo huwa ya namna hii:

"Hodi, babu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mwaenda wapi na mabeseni yote hayo?"

"Nawaonyesha watoto samaki wa mawe, babu, halafu tunamrudisha."

"Mwamrudisha?" Atacheka mpaka akohoe. "Haya piteni. Ila maharage yangu msinikanyagie."

Ukishapata ruhusa ya namna hiyo, mzee huyo ndiye atakayekuambia kijito kilivyokuwa wiki iliyopita, nani alioga wapi, na kama kuna nyoka kwenye yale matete. Ndani ya hifadhi za misitu ni habari nyingine. Kama unataka vijito vya Amani, ulizia langoni kabla hujavua viatu, na ukiambiwa ni kutazama tu bila kugusa, basi ni kutazama tu.

Ukifika ukingoni, usiingie. Simama kwanza utazame maji. Kuna sehemu yamelala, chini kuna tope na majani yaliyooza; huko utapata perege wadogo na kambale wa kawaida, huyo wetu humkuti. Kuna sehemu yanateleza bila kelele. Halafu kuna pale yanapogombana na mawe, yanatoa povu, na wewe na mwenzako inabidi mpaze sauti ili msikizane. Hapo ndipo. Maji yaliyopigwapigwa namna hiyo yamejaa hewa, na kambale wa mawe hawezi kuishi penye hewa haba. Kina kisizidi magoti yako. Kikizidi hapo utakuwa unahangaika kusimama, na mtu anayehangaika kusimama haoni samaki wa sentimita tano.

Vifaa

Chujio pana la plastiki, lile la kuoshea mboga, ndicho chombo kikuu. Liwe gumu, lenye matundu madogo. Chandarua usilete. Kanuni za uvuvi zinakikataza, na hata kama zisingekikataza, samaki huyu ana miiba migumu mgongoni na kwenye mapezi ya kifuani. Akinasa kwenye nyuzi utamchana au atakuchoma, au yote mawili. Kwenye plastiki ngumu hanasi.

Beseni jeupe. Nasisitiza jeupe, kwa sababu samaki wa kahawia ndani ya beseni la bluu utamchanganya na kivuli chake mwenyewe.

Kopo la plastiki angavu lenye kuta bapa, la mraba. Kopo la duara humvuta samaki akaonekana mnene upande mmoja, na picha zako zote zitakuwa za kichekesho. Rula ya shule. Simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, uliofungwa na kamba shingoni.

Miguuni, raba kuukuu za kufunga kamba. Kandambili zitakwenda Pangani zikuache. Mabuti ya mvua ni mabaya zaidi kuliko kwenda pekupeku, kwani yakijaa maji unakuwa umebeba ndoo mbili miguuni. Vaa shati la mikono mirefu na suruali, maana maji ya kasi ndiyo mazalia ya usubi, wale inzi weusi wadogo wanaouma na kueneza ugonjwa uitwao kwa jina lao hilo hilo. Kwenye vijiji vya milimani vinavyogawiwa dawa ya usubi, wenyeji watakuambia saa ambazo wadudu hao wanachachamaa. Wasikilize.

Kunyanyua jiwe

Anza chini ya kijito upande juu. Ukianzia juu, tope unalotifua litakutangulia kila unakokwenda, na samaki nao watakuwa wamepata taarifa.

Jiwe la kufaa ni lile unaloweza kulinyanyua kwa mikono miwili bila kukunja uso. Liwe limekaa juu ya mawe mengine, si limezikwa. Ingiza vidole chini yake kwanza, polepole: ukikuta nafasi, na maji yanapita hapo kwa nguvu, jiwe hilo lina mpangaji. Ukikuta mchanga na tope vimejaa hadi juu, liache ulivyolikuta. Ukikuta kitu kigumu kinasogea, toa mkono, huyo ni kaa wa mtoni. Kaa hawa wana kisa chao: milima ya Usambara Mashariki kuna usubi ambao mabuu yake huishi juu ya mwili wa kaa, wakisafiri bure kutwa kucha. Lakini kidole chako hakitajali kisa, kitajali koleo.

Sasa chujio. Liweke upande ambao maji yanaelekea, mdomo wake ukitazama jiwe, ukingo wa chini ukigusa sakafu ya kijito kabisa. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: wanaacha nafasi ya vidole viwili chini ya chujio, na samaki huyu hutoroka kwa chini, hapiti juu. Mwenzako ashike chujio, wewe shika jiwe. Kama uko peke yako, libane chujio kwa magoti.

Nyanyua jiwe taratibu, ukianza na upande unaokabili mkondo, ili maji yaingie chini yake yasukume kilichomo kuelekea kwenye chujio. Baadhi ya samaki wataachia na kuingia moja kwa moja. Lakini kambale wa mawe hana desturi ya kuachia. Chujio litatoka na majani, mabuu ya wadudu na kaa mmoja mwenye hasira, wanafunzi watasema "Hamna, mwalimu," na wakati huo samaki unaye mkononi. Yuko chini ya jiwe ulilolishika, nje ya maji, amejibandika kichwa chini, miguu ya watu wote ikiwa inamkanyagia nyumba yake.

Kwa hiyo jiwe likishanyanyuka, lipeleke juu ya chujio, ligeuze, ulitazame chini yake kwa mstari, kona kwa kona. Usitafute samaki. Tafuta uvimbe. Atakuwa kama tone la tope lililokauka vibaya, limelala sambamba na jiwe, rangi ile ile. Kisha tone litapumua. Ukishaliona la kwanza, mengine yote utayaona wewe mwenyewe bila msaada.

Usimvute. Ukimvuta mkia, utauumiza mdomo wake, na mdomo huo ndio miguu yake na ndio kijiko chake. Mmwagie maji kutoka mbele ya kichwa, au ulichovye jiwe ndani ya beseni na kusubiri. Jiwe likitulia, mara nyingi huachia mwenyewe akatafuta kona yenye giza. Akikawia, mguse ubavuni kwa kidole kilicholowa, umsukume kwa pembeni. Kinachombana ni ule mvuto wa katikati ya duara. Ukingo ukifunguka upande mmoja, ameachia.

Kuhusu miiba: ule wa mgongoni na ile miwili ya kifuani husimama na kujifunga akiogopa. Hautapata kidonda cha kutangazia watu, na mtu aliyewahi kuchomwa na hongwe wa baharini atakuona unadeka. Ukichomwa, osha, kisha tumbukiza kidole kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili. Mfuniko wa chupa ya chai unatosha.

Jiwe lenyewe, kabla hujashughulika na kitu kingine chochote, lirudishe. Mahali pale pale, upande ule ule juu. Chini yake kuna mayai ya wadudu na pengine ya samaki, na upande wa juu kuna mwani laini unaohitaji jua. Mwanafunzi wangu anayelirudisha jiwe kichwa chini hubaki kushika chujio siku nzima, na hilo wanalijua wote.

Ni yeye au si yeye

Vijito hivi vina kambale wa aina kadhaa, na wadogo wote wana sharubu, kwa hiyo sharubu peke yake haitoshi.

Mtoto wa kambale wa kawaida ana sharubu nane ndefu na pezi refu la mgongoni linaloanza karibu na kichwa likaenda hadi karibu na mkia. Kambale wa mawe ana pezi fupi la mgongoni lenye mwiba, kisha nyuma yake, kabla ya mkia, kuna kipezi laini cha nyama kisicho na mwiba wowote. Mtoto wa ngogo naye ana kipezi hicho na ana miiba, lakini sharubu zake za kidevuni zimetawi kama vijitawi vya mti, na mdomo wake, ingawa uko chini, haujawa duara. Kambale wa milimani wa jamii ya Amphilius ndiye anayewachanganya watu zaidi, kwa kuwa naye hukaa chini ya mawe penye maji ya kasi. Huyo hana mwiba mgumu na hana kinyonyeo, yaani lile duara la mdomo. Anajishikilia kwa mapezi mapana aliyoyatandaza, na macho yake yako juu kabisa ya kichwa. Ukiona magamba, basi si kambale hata kidogo, hata kama ana kitu kama kinyonyeo kidevuni. Kuna samaki wa jamii ya Garra wanaofanana hivyo.

Lakini njia ya mkato ipo. Mtie kwenye kopo angavu lenye maji, usubiri abandike mdomo ukutani, kisha umtazame kutoka upande wa pili wa plastiki.

Kumtazama

Hapa usiwe na haraka, ila yeye ana haraka, kwa hiyo panga macho yako mapema.

Kwanza duara. Kingo zake si laini kama ulivyodhani ulipolitazama kutoka juu. Uso wote umejaa vipele vidogo vidogo, na ukingoni zimetokeza ncha fupi: ni sharubu zake zilizoungana na midomo, nyingine zimebaki ncha tu. Katikati kuna tundu la mdomo wenyewe, na kwenye taya la chini kuna kifungu kidogo cha meno membamba yaliyosongamana pamoja. Hayo ndiyo yanayokwangua jiwe. Chakula chake ni mabuu ya wadudu na kile anachokipata kwenye ule utelezi wa juu ya mawe. Mabuu ya usubi hujishikiza juu ya mawe haya haya, penye kasi hii hii, kwa hiyo fikiria mwenyewe nani anakusaidia usiumwe.

Kisha mashavu. Amebandika mdomo, na bado vifuniko vya matamvua vinapiga, vinapiga, bila kituo. Waambie watoto wahesabu mapigo kwa nusu dakika. Watanyamaza wote, jambo ambalo darasani sijaliweza. Kama mapigo yanaongezeka kasi na samaki ameanza kuachia ukuta akipanda juu, muda wake umekwisha. Mrudishe bila mjadala.

Picha tatu zinatosha. Moja ya juu, rula ikiwa pembeni. Moja ya ubavu, mapezi yote yaonekane, hasa kile kipezi cha nyama. Moja ya mdomo kupitia plastiki. Zima mwanga wa simu, plastiki itaurudisha wote kwenye kioo. Andika jina la kijito, kijiji kilicho karibu, tarehe, na aina ya mahali: mawe, kina, kasi. Picha isiyo na mahali ni pambo la simu. Ukiwa na bando, zipakie kwenye tovuti ya iNaturalist, ambako watu wanaowajua samaki wa mito yetu watakuambia kama umepatia.

Dakika tano kwa samaki mmoja, zisizidi. Beseni likae kivulini, maji yabadilishwe kila mara kwa maji ya pale pale penye kasi. Usichanganye samaki na kaa kwenye beseni moja. Na lile swali linalokuja kila mwaka, "Mwalimu, naweza kumfuga nyumbani?", jibu ni hapana. Ndoo ya nyumbani haina mkondo. Atakufa usiku, na asubuhi mama yako atanipigia simu mimi.

Kumrudisha

Usimmwage kutoka juu. Chovya kopo ndani ya maji, karibu na jiwe lake, nyuma yake pale mkondo unapopungua, uliinamishe atoke mwenyewe. Atashuka chini mara moja na hutamwona tena. Chujio, beseni na raba vioshe hapo hapo, kisha uvianike jua kali hadi vikauke kabisa kabla hujaenda kijito kingine, usije ukasafirisha konokono na mayai kutoka bonde moja hadi jingine.

Kama unakwenda na watoto, majini waingie wanne tu kwa wakati mmoja, kila wawili jiwe moja, wengine wakae ukingoni na madaftari. Darasa zima likiingia, kijito cha upana ule kinakuwa barabara.

Ukikosa

Ukinyanyua mawe kumi mazuri, kwenye mahali pazuri, msimu mzuri, na usipate hata mmoja, usiseme una bahati mbaya. Anza kutazama mawe yenyewe.

Nafasi za chini zikiwa zimejaa udongo mwekundu laini, tatizo liko juu mlimani: shamba limelimwa kwa kushuka mteremko hadi ukingoni, mvua imeleta udongo, na nyumba za samaki zimezibwa. Mawe yakiwa safi lakini hakuna hata mabuu ya wadudu, kaa wala uduvi, uliza kwa upole kama kuna aliyepitisha utupa. Majani yale yakipondwa na kutiwa majini hulevya kila chenye matamvua, na mtu aliyekuja kutafuta kitoweo cha siku moja huacha kijito kitupu kwa muda mrefu. Sabuni ya kufulia nayo ina mchango wake, ingawa sijaona ikimaliza samaki wote peke yake.

Na kuna mkonge. Huu ndio mkoa wetu, na singa za mkonge zimesomesha wengi humu, nikiwemo mimi. Lakini jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama; singa ni sehemu ndogo. Kinachobaki baada ya kusindika kikimwagwa mtoni, huoza, na kuoza huko kunakula hewa ya maji. Utaijua harufu kabla ya kuona rangi. Mawe huvaa utando wa kijivu unaoteleza kama makamasi, na penye utando huo kambale wa mawe habandiki wala hapumui. Mabaki hayo yanaweza kuzalisha gesi na umeme, na hilo limeshafanyika hapa hapa Hale, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba hakuna pa kuyapeleka.

Ukikutana na hali hiyo, fuata ukingo upande juu mpaka ulipite bomba au mfereji unaoingiza uchafu, kisha rudia kazi yote juu yake: jiwe la namna ile ile, kina kile kile, idadi ile ile ya mawe. Kama juu ya mfereji wapo na chini yake hawapo, piga picha za pande zote mbili, za mawe na za samaki, andika tarehe na saa, upeleke kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya bonde la mto Pangani kabla hujazituma kwenye makundi ya WhatsApp.